Barafu Inatembea: Kumbukumbu za Milima ya Alpi

Leo nakupeleka mbali na joto letu, mpaka milima ya Alpi, pale Ufaransa, Uswisi na Italia zinapopakana. Niliishi Uswisi miaka kadhaa, na huko nikajifunza kupanda milima ile na kuteleza juu ya theluji yake kwa skii. Wengi mmeniuliza: ulikuwa unafuata nini kwenye baridi ile? Jioni hii nitajibu, na kabla hatujaagana nina ombi moja kwenu.

Naanza na swali. Je, umewahi kufikiri kwamba barafu inaweza kutembea? Sisemi kuyeyuka. Nasema kutembea, kutoka juu kwenda chini, usiku na mchana, bila kupumzika.

Iko hivi. Theluji inayoanguka juu kabisa ya mlima haiishi yote wakati wa kiangazi. Inabaki, ya mwaka unaofuata inaanguka juu yake, na ya mwaka mwingine tena juu ya hiyo. Uzito wa ile ya juu unaigandamiza ile ya chini mpaka hewa inatoka, inakuwa barafu ngumu yenye rangi ya buluu. Ikishakuwa nene vya kutosha haiwezi kukaa tena mahali pake. Inaanza kushuka bondeni taratibu, kama uji mzito uliomwagwa kwenye sinia lililoinama: katikati unakwenda upesi, pembeni unajikokota. Huo ndio mto wa barafu. Mrefu kuliko yote katika Alpi unaitwa Aletsch, uko Uswisi, na urefu wake ni kama kilomita 20. Mahali paitwapo Konkordia, ambapo matawi yake makubwa yanakutana, kina cha barafu kinakaribia mita 800. Unapita juu kwa skii, na chini yako kuna barafu ya mamia ya mita, yote iko safarini.

Narudia, maana hili ndilo litakalotuongoza jioni nzima: barafu inatembea.

Watu walilijuaje jambo hilo? Wengine walilijua kwa msiba. Chini ya Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote katika Alpi, kuna mji wa Ufaransa uitwao Chamonix. Ni wenyeji wa mji huo, Jacques Balmat na daktari Michel-Gabriel Paccard, waliofika kileleni kwa mara ya kwanza, mwezi Agosti mwaka 1786. Baada yao wageni wakaanza kumiminika, na vijana wa Chamonix wakapata kazi ya kuwaongoza. Mwaka 1820 kundi moja likakumbwa na maporomoko ya theluji, na waongozaji watatu wakatupwa ndani ya ufa wa barafu. Hawakuonekana tena. Watoto wao wakakua, wakaoa na kuolewa. Halafu mwaka 1861, chini kabisa, pale barafu iitwayo Bossons inapoishia, mabaki yao yakaanza kujitokeza. Mtu mmoja aliyenusurika siku ile, sasa mzee, aliitwa kuyatambua. Na kulikuwa na msomi wa Uskoti, James Forbes, aliyekuwa amepima mwendo wa barafu za pale, naye alikwisha kukadiria kwamba ingechukua miaka ipatayo 40 kabla miili haijafika chini. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Barafu iliwachukua juu, ikatembea nao, ikawarudisha chini.

Baada ya msiba ule, mwaka 1821, waongozaji wa Chamonix waliunda chama chao na kuweka mfuko wa kusaidia familia zinazofiwa. Chama hicho kipo mpaka leo.

Mnaweza kusema hayo ni ya kale. La. Ndege mbili za shirika la India zilianguka kwenye Mont Blanc, moja mwaka 1950 na nyingine mwezi Januari mwaka 1966. Mpaka leo barafu ile ile ya Bossons inatoa vipande vya chuma, barua, magazeti. Mwaka 2013 mpanda mlima mmoja aliokota pale kisanduku kilichojaa vito vya thamani, zumaridi na yakuti. Akashuka nacho moja kwa moja mpaka kwa polisi. Na kule Uswisi, mume na mke waliondoka asubuhi moja ya Agosti mwaka 1942 kwenda kuangalia ng'ombe wao ng'ambo ya mlima, wakaacha watoto saba nyumbani. Walionekana mwaka 2017, wamelala pamoja, na nguo zao za wakati wa vita bado ziko mwilini. Binti yao mdogo alikuwa amekwisha kuwa bibi mzee. Alipata kuwazika wazazi wake.

Sasa utaniuliza: kama barafu inameza watu namna hiyo, mtu mwenye akili timamu anakwenda kufanya nini huko?

Nitakujibu kwa kukuonyesha tunavyokwenda. Tuanze na skii zenyewe. Skii ni ubao mrefu mwembamba, ncha yake ya mbele imepinda kwenda juu. Kushuka nazo kunaeleweka, zinateleza. Lakini je, utapandaje mlima kwa kitu kinachoteleza? Chini ya kila skii unabandika utepe wenye manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja. Ukisukuma mguu mbele, manyoya yanalala na skii inakwenda. Ikitaka kurudi nyuma, manyoya yanasimama na kung'ang'ania theluji. Zamani utepe huo ulikuwa ngozi ya sili, mnyama wa bahari za baridi. Siku hizi ni nailoni, au manyoya ya mbuzi. Kisigino kinaachwa huru wakati wa kupanda, kinabanwa wakati wa kushuka. Mkifika juu unabandua tepe, unazikunja, unazitia ndani ya koti kifuani, kwa sababu gundi ikipoa sana haishiki tena, na mbele kuna mlima mwingine unaokusubiri. Zile tepe zinalowesha shati na kukutia ubaridi mpaka mfupani, lakini huthubutu kuzitoa.

Tunaondoka lini? Tunaondoka usiku, saa kumi au kabla ya hapo. Na si kwa kupenda giza. Juu ya mto wa barafu kuna nyufa, nyingine zingeweza kumeza nyumba. Wakati wa baridi theluji inatanda juu ya nyufa hizo na kujenga daraja. Alfajiri daraja limeganda, linakubeba. Saa sita mchana jua limelilainisha, na pale ulipopita asubuhi bila wasiwasi, mchana hapapitiki. Kwa hiyo mpanda mlima wa Alpi anaishi kwa saa. Ukiambiwa tunatoka saa tisa za usiku, saa tisa uwe umefunga kamba kiunoni.

Siku moja tulikuwa tunavuka katika njia ndefu inayotoka Chamonix mpaka Zermatt, Uswisi. Njia hiyo Waingereza waliipita kwa miguu tangu miaka ya 1860, na kwa skii inachukua karibu wiki nzima, mkilala kwenye nyumba za wapandaji zilizojengwa juu ya miamba. Mwongozaji wetu alikuwa mtu wa makamo, baba yake na babu yake walifanya kazi hiyo hiyo. Alitangulia akichoma theluji kwa fimbo yake, hatua kwa hatua. Sisi tulifuata, tumetengana mita kumi na kitu, kamba ikiwa imenyooka kati yetu. Kamba ile huiachi ilegee, kwani ikilegea mwenzako atakuwa ameanguka mbali kabla hujamhisi.

Nikasikia kishindo kidogo nyuma, kisha kamba ikanivuta kiunoni kwa nguvu. Tukaketi sote palepale na kukita skii kwenye theluji, kama tulivyofundishwa. Nilipogeuka nikamwona mwenzetu, dada mmoja wa Kiitalia, amezama mpaka kwapani. Mikono yake ilikuwa imetandazwa juu ya theluji. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba miguu yake haigusi kitu. Tukamvuta. Ilikuwa kazi ya dakika chache tu, ingawa kwangu zilikuwa ndefu. Pale alipotoka pakabaki tundu, na ndani ya tundu ile rangi ya buluu ikazidi kukolea mpaka ikawa nyeusi.

Mwongozaji hakumkaripia mtu. Alitoa kidaftari mfukoni, akavua glavu, akaandika. Nikamwuliza anaandika nini. Akaniambia anaandika tarehe na mahali, kwa sababu babu yake alikuwa akipita hapo moja kwa moja, baba yake akaanza kupitia kushoto kidogo, na yeye sasa itabidi azunguke mbali zaidi. Daftari la babu yake alikuwa nalo nyumbani. La baba yake pia. Kijana wake alikuwa anasomea kazi hiyo hiyo, naye angerithi yote matatu.

Hilo daftari, ndugu msikilizaji, liweke akilini. Tutalirudia.

Lakini nisikuache na hofu tu, maana furaha ni kubwa kuliko hofu. Fikiria umepanda tangu usiku. Mashavu yanauma kwa baridi, maji kwenye chupa yameganda mdomoni, mabega yamechoka. Jua linachomoza na vilele vinashika rangi ya waridi kimoja baada ya kingine, kile kirefu kwanza. Mnafika juu. Mnabandua tepe, mnabana visigino, mnatazamana. Halafu mnashuka. Theluji mpya inafika magotini, haina alama ya mtu, na skii hazitoi sauti. Unainamia kushoto, unainamia kulia, na mlima wenyewe unakubeba. Urefu mliopanda kwa saa sita mnaushuka kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha maharage. Watu wazima, wenye kazi zao na madeni yao, wanapiga vigelegele. Nilikuwa nafuata hilo. Hilo, na jioni zake: kuvua buti mlangoni, kuvaa kandambili za nyumba ya wapandaji, kunywa supu na watu usiowajua ambao asubuhi mtafungwa kamba moja.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniuma.

Juu ya Chamonix kuna kilele kiitwacho Aiguille du Midi, kina mita 3,842. Tangu mwaka 1955 kuna gari la kebo linalokufikisha huko. Ukitoka unashuka ukingo mwembamba wa theluji, umeshika kamba, bonde liko kushoto kwako, mbali chini. Kisha unavaa skii na kuteleza kilomita zipatazo 20 juu ya barafu, unapita katikati ya minara ya barafu iliyopasukapasuka, mpaka unafika mto wa barafu uitwao Mer de Glace. Pembeni, juu ya mwamba, kuna stesheni ya reli ya Montenvers, iliyofunguliwa mwaka 1909. Wakati ule abiria alishuka kwenye treni na barafu ilikuwa pale pale karibu yake.

Je, baadaye? Miaka niliyokuwa nakwenda, kutoka barafuni kuelekea kwenye stesheni ulipanda ngazi za chuma, zaidi ya 500. Nimezipanda na skii begani. Ukutani mwa mwamba kando ya ngazi kuna vibao vyenye mwaka, kuonyesha barafu ilifika wapi mwaka huo. Unaanza kupanda chini, unakutana na mwaka ambao wewe ulikuwa tayari kazini. Unapanda tena, unakutana na mwaka ambao ulikuwa bado shuleni. Unahema, unapanda, kibao kingine. Kila niliporudi, chini kulikuwa na ngazi mpya zilizoongezwa. Kule Konkordia ni vivyo hivyo: nyumba ya wapandaji ilijengwa mwaka 1877 juu kidogo ya barafu, na leo unaifikia kwa ngazi zaidi ya 400 zilizofungwa kwenye mwamba. Nyumba haikuhama. Barafu imeshuka.

Nilisema barafu inatembea. Ndiyo, inatembea, lakini sasa chini inayeyuka haraka kuliko juu inavyojazwa. Mwaka 2022 na 2023 peke yake Uswisi ilipoteza sehemu ya kumi ya barafu yake yote. Hewa imepata joto, chanzo kikuu ndicho hicho. Na kuna jambo lililonigusa mimi kama Mwafrika: majira fulani ya kuchipua upepo hubeba vumbi kutoka jangwa la Sahara, ukavuka nalo bahari ya Mediterania na kulimwaga juu ya Alpi. Nimeamka nikakuta mlima mzima una rangi ya kutu. Theluji iliyochafuka haiwezi kuurudisha mwanga wa jua kama nyeupe, inaunyonya, inayeyuka upesi zaidi. Nilichota kidogo kwenye kiganja. Vumbi la bara letu, juu ya theluji ya Uswisi.

Je, haya ni ya wapanda milima tu? Hapana. Mwezi Julai mwaka 2022 kipande cha barafu kilikatika kwenye mlima Marmolada, Italia, kikaua watu 11. Mwezi Mei mwaka 2025 mlima juu ya kijiji cha Blatten, Uswisi, uliporomokea barafu ya Birch, na vyote viwili vikashuka kukifunika kijiji karibu chote. Sikiliza vizuri hapa: wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku tisa kabla. Mtu mmoja alipoteza maisha, na kila anayeliona lile rundo la mawe na barafu anajua wangeweza kufa wangapi. Waliokolewaje? Waliokolewa kwa sababu kulikuwa na watu wanaopima, wanaotazama, wanaoandika. Waswisi wameipima mito yao ya barafu tangu karne ya 19. Vipimo vyao na kidaftari cha mwongozaji wetu ni kazi moja.

Na sasa, ndugu zangu, tusogee nyumbani, maana kipo kiungo cha kweli.

Mwaka 1889 Hans Meyer, Mjerumani, alifika kilele cha Kibo, Mlima Kilimanjaro, pamoja na mwalimu wa Salzburg, Ludwig Purtscheller, mmoja wa wapanda milima hodari wa Alpi wa wakati wake. Wachaga wenyeji waliwaonyesha njia na kuwabebea mizigo. Miaka miwili kabla, Meyer alizuiwa na barafu akarudi. Safari hii walichonga ngazi kwenye barafu ngumu kwa mashoka yao, hatua baada ya hatua. Leo anayepanda kwa njia ya Marangu anafika ukingo wa Kibo akikanyaga changarawe, bila kugusa barafu. Na Mlima Kenya? Waliopanda kilele cha Batian na Halford Mackinder mwaka 1899 walikuwa waongozaji wawili kutoka Courmayeur, upande wa Italia wa Mont Blanc, César Ollier na Joseph Brocherel. Barafu mbili za mlima ule zilipewa majina yao ya kwanza. Na kule Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, barafu za Mlima Stanley zinapungua vilevile.

Tunajua Meyer aliona barafu wapi kwa sababu aliandika kitabu na kuchora ramani. Lakini wale wapagazi wa Uchagani waliobeba mizigo, na watoto wao waliowafuata, na wajukuu wao, wamepanda mlima ule mara nyingi kuliko mgeni yeyote. Wameiona barafu ikipungua msimu kwa msimu. Nani ameandika walichokiona? Vipimo vya wataalamu vipo, picha za setilaiti zipo. Ila mzee aliyebeba mizigo miaka ya 1960 anajua wapi walichota theluji ya kuchemshia chai, wapi mgeni alilazimika kufungwa kamba, kijito kipi kilikuwa hakikauki. Hayo setilaiti haiyajui, na mzee huyo akiondoka anaondoka nayo.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Wewe uliye Marangu, Machame, Rombo, uliye Naro Moru au Chogoria, uliye Kasese: kama nyumbani kwenu kuna babu au baba aliyefanya kazi ya mlima, kaa naye wiki hii. Mwamkie, mpe nafasi, muulize barafu ilifika wapi alipoanza kazi. Muulize mwaka gani. Kama mwaka haukumbuki, muulize ulikuwa kabla au baada ya uhuru, kabla au baada ya mtoto yupi kuzaliwa. Mwambie akutajie mahali kwa jina, lile jina wanalolitumia wao wenyewe. Kama ana picha ya zamani, ipige kwa simu yako na uandike nani yumo. Chukua daftari la kawaida la shule, uandike jina lake, mahali, mwaka na alichokiona. Nakala moja iache nyumbani, moja ipeleke shule iliyo karibu, na moja tuletee hapa kituoni. Nitazisoma hewani katika mazungumzo yetu yajayo, kila moja kwa jina la mzee aliyesimulia.